Safari ya Kutwa Moja: Kutoka Lushoto Hadi Ukingo wa Irente

Watu wengi wa mwambao wetu huijua milima ya Usambara kwa mboga zake. Kabichi, karoti, viazi na pichi hushuka kwa malori hata Dar es Salaam, nasi twavinunua sokoni, twavila, wala hatuulizi vimetoka katika nchi ya namna gani. Makala haya nimewaandikia wazazi na vijana ambao wangependa kuiona nchi hiyo kwa macho yao na kuipanda kwa miguu yao, katika siku moja, pasipo kupoteza Swala na pasipo kumpoteza mtoto. Nimeipanda njia hiyo mara nyingi pamoja na wanafunzi wa madrasa kutoka Tanga, wakubwa kwa wadogo, na nitakayoyasema ni yale niliyoyaona yafaa.

Kwanza nitamjibu mzee mmoja, naye si peke yake, aliyeniambia kwamba kupanda mlima ni mchezo wa Wazungu, na kwamba kijana wa Kiislamu akitaka kuchoka na aende shamba. Ama shamba, mimi sina ugomvi nalo. Lakini mwenye kusoma Suratul Ghashiya anajua kwamba milima ni katika vitu vinne ambavyo binadamu ameulizwa kwa nini havitazami. Sisi wa pwani tumeviona vitatu: mbingu, ardhi iliyotandazwa, na hata ngamia tumewaona. Mlima twausoma tu. Mtoto aliyezaliwa Chumbageni na kukulia Chumbageni hajui maana ya ardhi kupigiliwa vigingi mpaka asimame chini ya jabali, alitazame, kofia imwanguke. Hilo ni somo, na mwalimu asiyetoka na wanafunzi wake atalisomesha nusu.

Sasa njia. Kutoka Tanga utapita Segera na Korogwe, kisha Mombo, mji mdogo ulioko chini kabisa ya milima. Hapo reli ya Wajerumani iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika mwaka 1905, na hapo ndipo safari ya kwenda juu huanza. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara yapanda kwa kujikunja-kunja pembeni mwa bonde, ukuta wa jabali mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko ya maji ambayo hata aliyemo ndani ya basi huyaona. Watoto wa pwani hutapika katika kona hizo. Wape kipande cha tangawizi watafune, wakae mbele, na wasile chapati za mafuta asubuhi ile. Mwenye basi naye atakushukuru.

Lushoto yenyewe imekaa juu ya bahari kiasi cha mita 1,400. Wajerumani waliupenda ubaridi wake, wakaujenga mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walipoondoka baada ya vita kuu ya kwanza jina lao likaondoka nao, na majengo yao mengine yangali yamesimama. Misikiti haina shida, kwa sababu Wasambaa wengi ni Waislamu, na utaisikia adhana ikipokezana kutoka kilima hadi kilima, huyu akimaliza yule anaanza, na sauti inazunguka bondeni kabla ya kufika kwako. Kwangu mimi hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kwenda.

Katika kupanga siku, hesabu yangu ni hii. Twatoka Tanga siku ya Ijumaa mapema, twafika Lushoto kabla ya Swala, twaswali Ijumaa pamoja na wenyeji, twapumzika. Jumamosi ndiyo siku ya mlima. Jumapili twarudi. Wanafunzi wangu wakubwa huniuliza, kwani kusafiri siku ya Ijumaa baada ya alfajiri si jambo lililokatazwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii? Nawajibu kwamba ndiyo, isipokuwa kwa yule anayejua kuwa Ijumaa ataikuta njiani au huko aendako. Basi asiyeliamini basi lake na atoke Alhamisi. Na asifikiri mtu kutoka Tanga usiku wa manane, apande mlimani, ashuke, arudi nyumbani siku ile ile: barabara ile ya Mombo si ya dereva mwenye usingizi.

Majira nayo yatazamwe. Masika, tangu Machi hata Mei, njia huwa utelezi na mawingu hukaa juu ya milima siku nzima, ukapanda kwa taabu ukaona pamba tupu. Juni na Julai baridi huwa kali, na mtoto aliyezoea joto la Tanga atalia usiku kama hukumchukulia sweta na blanketi. Mimi napendelea Septemba, au Januari na Februari, ambapo pichi na plamu zimeiva na kina mama wauzaji wamekaa nazo kando ya njia.

Mlima upi? Hapa watu hubishana. Kuna Magamba, kaskazini ya mji, msitu wa serikali uliohifadhiwa, wenye kilele kinachopita mita 2,200. Humo mna miti mikubwa iliyoota kuvu na ndevu, mna mbega weusi wenye mabega meupe, mna kinyonga wenye pembe, na mna chemchemi ambazo vijiji vingi chini vyaishi kwazo. Ni pahali pazuri mno, lakini pataka kibali cha watu wa misitu, pataka mwongoza njia, na pataka magoti. Na kuna Irente, upande wa kusini-magharibi ya mji, kama kilomita 6, njia pana inayopita katika mashamba na nyumba za watu mpaka ukingoni, ambapo mlima wakatika ghafula na nchi yaanguka chini kiasi cha mita 1,000. Mwenye watoto na wazee na aende Irente. Magamba aiweke kwa mwaka wa pili, aende na vijana waliokwisha kubaleghe. Wako wasemao kuwa Irente si mlima kwa kuwa hupandi sana. Nawaambia, ukifika utajua kama si mlima.

Siku ile twaondoka mjini saa moja asubuhi, kila mtu ana udhu wake. Jambo hili la udhu laonekana dogo, nalo ndilo linaloharibu safari za watu wengi. Ukingoni ni mwamba mkavu, hakuna kijito. Na tayamamu haimfai mtu aliyeacha bomba la maji mjini kwa uvivu. Basi chukua madumu mawili ya lita tano kwa watakaovunja udhu, mpeane zamu ya kuyabeba. Na mwenye viatu vya buti vinavyofunika vifundo vya miguu, akivivaa baada ya udhu kamili, anaweza kupangusa juu yake, mkaazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu na usiku wake. Watu wengi wameisoma hukumu hii ya khofu utotoni wakidhani ni ya zamani za Maswahaba peke yake. Nimewaona vijana wakifurahi kama waliookota fedha walipotambua kuwa yahusu buti zao za mpira.

Kabla ya kuondoka huchaguliwa amiri. Sunna yataka hivyo hata kwa wasafiri watatu, na mlimani utaiona hekima yake, maana njia panda haingoji mashauri. Neno la amiri ni moja. Mbele hutangulia mwenye mwendo mdogo kuliko wote, na nyuma kabisa hukaa mtu mzima mwenye nguvu. Watoto hupenda kinyume chake, wenye mbio mbele, na hapo ndipo mtoto wa mwisho huachwa peke yake kwenye kona. Tunapopanda twaleta takbiri, na tunaposhuka twaleta tasbihi, kama ilivyopokewa kwa Jabir kuhusu safari zao na Mtume (s.a.w.). Na takbiri hizo zina faida nyingine ambayo sikuisoma kitabuni: anayezivuta vizuri pumzi yake hukaa sawa, na asiyeweza kuzivuta, amiri anajua kwamba wakati wa kupumzika umefika.

Njia yapita kati ya mashamba ya viazi, maharagwe na migomba, yaliyobebwa na mteremko kama rafu za vitabu. Wasambaa ni watu wa salamu ndefu. Usipite kichwa chini. Usikanyage tuta la mtu kwa kukata njia, wala usimpige picha mama aliyeinama na jembe bila ya kumwomba ruhusa. Utaipita shule ya wasioona ya Irente; wanafunzi wangu hunyamaza wenyewe wanapoijua, sijapata kuwaambia.

Nina jambo la kueleza hapa, kwa sababu najua litawakuta wengine. Mwaka mmoja tulipoandika majina ya safari, bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuja madrasa baada ya Alasiri, akakaa, akaniambia, “Maalim, Shikamoo hutoi leo?” Nikamwamkia. Akasema, “Nasikia jina la mjukuu wangu limo. Mtoto wa kike mlimani afuate nini? Baba yake alinikabidhi kwa mkono wake alipokuwa mgonjwa, na Mungu akamchukua. Akivunjika, nitamwambia nini siku ya Kiyama?”

Msichana alikuwa na miaka kumi na mitano, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa la tajwidi. Nikamwambia, “Bibi, hilo usemalo ni haki, nami sitalitoa jina wala sitaliweka mpaka uridhike. Ila sharti letu ni kwamba kila binti huja na maharimu wake, baba au kaka au mjomba, na kina mama huwa pamoja nao. Mjomba wake hawezi kupata ruhusa kazini?” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwapita Mlalo?” Nikamwambia hatupiti, Mlalo iko mbele ya Lushoto. Akasema, “Mimi ni mtu wa Mlalo. Nimeshuka na mume wangu kuja Tanga, sijapanda tena.”

Kwa ufupi, mjomba alipata ruhusa, na bibi naye akaja. Kutoka mjini hadi nusu ya njia alipakiwa katika pikipiki, nusu ya pili akatembea kwa fimbo, na kila mtu wa njiani alizungumza naye Kisambaa, tukachelewa saa nzima, wala hapana aliyelalamika. Ni yeye aliyewaonyesha watoto matuta yaliyopandwa majani, akawaeleza kwamba alipokuwa mdogo serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu kulima kwa matuta ya kuzuia udongo. Mpango huo ulianzia bonde la Mlalo mwaka 1946, na watu waliukataa, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi mno na ardhi ya kulima ilipungua. Waliokataa walitozwa faini na wengine wakafungwa, mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Babake alikuwa katika waliotozwa. “Na leo,” akasema yule bibi, “watu walima matuta wenyewe, hapana anayewapiga.” Kijana mmoja akamwuliza, basi Waingereza walikuwa na haki? Akamtazama, akamwambia, “Mjukuu wangu, dawa nzuri ukimnywesha mtu kwa kumkaba koo, ataitapika.” Nikamwachia yeye kiti cha ualimu siku ile.

Ukingoni sasa. Mtu hutoka katika miti, hukanyaga mwamba, na mbele yake hakuna kitu. Chini kabisa ni Mazinde, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari, na njia ya Tanga na Moshi, na gari juu yake kama sisimizi. Ng'ambo ni nyika ya Wamasai, yaenda mpaka macho yachoke. Hapo huwaketisha vijana nikawaambia habari ya nchi wanayoitazama. Mazinde ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Kimweri alitawala kutoka Vuga, juu milimani, na alipofariki mwaka 1862 watoto na wajukuu wake wakapigania ufalme. Semboja akashika chini, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na biashara, na watu wengi waliuzwa utumwani katika vita vile, Waislamu wakiwemo miongoni mwa wauzaji. Sipendi kulificha hilo kwa vijana. Habari za ukoo huo aliziandika Abdallah bin Hemedi bin Ali el-Ajjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi, naye alimjua Semboja kwa macho. Kijana mwenye kupenda Kiswahili na akitafute. Humo atamkuta Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawapa Wasambaa nyama ya nguruwe-mwitu, wakampa ufalme. Watoto hucheka sana hapo, nami huwaambia kwamba mambo hayo yalikuwa kabla ya Uislamu kuupanda mlima.

Lakini kabla ya hadithi kuna amri, nayo hutolewa kabla ya mtu yeyote kukanyaga mwamba. Amiri hupima hatua kumi kutoka ukingoni, huweka kamba au kanga juu ya mawe, na hapana mtoto wa kuipita. Watu wazima wawili husimama ng'ambo ya kamba, wameutazama umati na kulipa korongo mgongo, zamu kwa zamu. Upepo wa pale huja kwa ghafula, na mwamba wenye umande ni kama sabuni. Simu za mkononi zimezidisha hatari: kijana hugeuka akalipa korongo kisogo, akanyosha mkono ajipige picha, na kurudi nyuma hatua moja ili uso uenee. Sisi simu zote hukusanywa katika kikapu, picha hupigwa na mtu mmoja, wote wameketi. Wamenilalamikia, na nimewaacha walalamike. Wala asitupe mtu jiwe chini kwa kutaka kusikia litakapoangukia. Huko chini kuna wachungaji na ng'ombe wao.

Adhuhuri huingia baina ya saa sita na dakika kumi na saa sita na dakika arobaini, kwa kadiri ya mwezi. Kibla cha huko ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo sana. Ukiwa umeutazama uwanda upande wa magharibi, kibla ki mkono wako wa kuume. Tafuta pahali pa nyasi nyuma ya mwamba, mbali na kamba. Sisi tutokao Tanga, kwa kuwa mwendo wetu wapita masafa ya kupunguza na hatukai siku nne kamili, twapunguza na kukusanya, rakaa mbili za Adhuhuri na mbili za Alasiri. Wenyeji waliotufuata huswali nne zao. Kwa hiyo imamu na awe msafiri, atoe salamu katika mbili, na wenyeji wainuke watimize. Kwani msafiri akimfuata mkaazi itampasa kutimiza nne. Wa Korogwe masafa yao ni mafupi kuliko yetu, nao wamwulize mwalimu wao kabla ya kutoka nyumbani, wasije wakabishana mlimani.

Chakula baada ya Swala. Kibebwe kikavu: mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, viazi, chai ya tangawizi ndani ya chupa yake. Maganda na karatasi zarudi mjini katika mfuko ule ule. Na mwenye haja asiende njiani, wala kivulini wanapopumzika watu, wala karibu na maji. Makatazo hayo yamekuja katika hadithi, na mlima wenye wageni wengi ndio unaoyahitaji zaidi. Wasichana wapewe kina mama wawili wa kuwasindikiza, na jembe dogo.

Saa nane tuondoke. Usikubali maneno ya “kidogo tu, Maalim, tulione jua likitua”. Jua latua pale kwa uzuri mkubwa, ni kweli, lakini baada yake giza la milimani huja kwa haraka, na njia ni kilomita 6 zenye watoto waliochoka. Mwaka ule bibi yetu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka. Alikuwa ameketi nyuma ya kamba, mjukuu wake ubavuni, akimsomea Suratun Naba kwa sauti ndogo, naye akimsahihisha madda. Amiri, kijana wa miaka ishirini, aliona haya kumwambia mtu mzima ainuke, akanitazama mimi. Nikamwambia, wewe ndiye amiri. Akaenda, akamwinamia, akasema, “Bibi, Shikamoo, wakati umefika.” Bibi akaitika “Marahaba”, akashika fimbo yake.

Kushuka ni kazi zaidi kuliko kupanda kwa mwenye magoti ya zamani, basi fimbo zisiachwe. Hesabu watu ukingoni kabla ya kuondoka, hesabu tena shuleni kwa wasioona, na tena mwingilio wa mji. Ukipita njiani nunua pichi kwa kina mama, usivutane nao bei ya shilingi mia mbili baada ya kutumia maelfu katika basi. Mjini mtafika kiasi cha saa kumi, wakati wenyeji wanakwenda Alasiri. Nyinyi mmekwisha kuswali, lakini viatu na vivuliwe, watoto wanawe, waingie wakae msikitini mpaka jamaa watoke, kwani nje baridi imekwisha anza.